Tunaosubu risasi za nyavu nyumbani, njooni tuongee (yamenikuta)

FundiNyavu_Igombe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa nyavu hapa Igombe, Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Nashona nyavu za sangara na sato, juu navisha maboya, chini navisha risasi. Kwa miaka kumi na minne risasi hizo nimekuwa nikizisubu mwenyewe uani kwangu, yaani naziyeyusha na kuzimimina kwenye kalibu. Leo naandika nilichokosea na nilichobadilisha, na naomba wenye ujuzi waongeze nyama.

Kwa walio mbali na ziwa: risasi ninayosema ni ile madini yenyewe, laini na ya kijivu, ambayo ukiikwaruza kwa ukucha inabaki na alama. Kiswahili kimeipa jina moja na ile inayotoka kwenye bunduki. Kipande chake kwenye mshipi tunaita chubwi. Marehemu baba alikuwa anakaa ukingoni mwa mtumbwi, anakata kipande kwa kisu, anakipasua katikati, anapitisha mshipi, halafu anakibana kwa magego. Jino lake moja la pembeni lilikuwa na kijishimo chenye rangi ya risasi ya penseli. Na mimi nilifundishwa kubana hivyo hivyo.

Sasa habari yenyewe. Mwaka jana mtoto wangu wa mwisho, msichana wa miaka minne, alianza kulalamika tumbo. Choo kigumu, chakula hataki, mtoto aliyekuwa mcheshi akawa analia kwa jambo dogo. Zahanati tukapewa dawa ya minyoo. Ikarudi, tukapewa tena. Mara ya tatu wakapima damu, imepungua, tukapewa ya kuongeza damu. Miezi ikaenda hivyo mpaka tukakutana na daktari mmoja kijana ambaye, kabla ya kuandika chochote, aliniuliza: "Baba, unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Akaniomba nimwonyeshe mikono yangu, akatazama kucha, akauliza nayeyushia wapi.

Damu ya mtoto ilichukuliwa, ikapelekwa kupimwa nje ya mkoa. Majibu: mikrogramu 23 za risasi kwa kila desilita ya damu. Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia 5, na kwamba hakuna kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Dawa ya kuitoa hupewa watoto waliofika 45 na kuendelea. Wa kwangu alikuwa chini ya hapo, kwa hiyo "dawa" tuliyopewa ilikuwa moja: ondoa chanzo nyumbani.

Chanzo nilikuwa nacho mita chache kutoka mlango wa jikoni. Jiko langu lilikuwa chini ya mwembe. Malighafi nyingi ilikuwa betri. Mnajua tangu taa za betri na sola zilipoanza kuchukua nafasi ya karabai kwenye uvuvi wa dagaa, kila kambi ina rundo la betri zilizokufa. Unaipata kwa bei ya bure. Unaipasua kwa shoka, maji yake unayamwaga, unatoa zile sahani, unaangushia kwenye sufuria. Mavi ya risasi, ule unga wa kijivu unaoelea juu, nilikuwa naukomba kwa kijiko na kuutupa shinani mwa mwembe. Hapo ndipo kuku wanapochakura. Hapo ndipo mtoto anapochezea kivuli. Na mayai ya kuku wale yeye ndiye aliyekuwa anapewa, kwa sababu damu imepungua.

Nimelisema hilo la mayai ili mwenzangu mwenye kuku ashtuke.

Naomba kujua: nani anasubu, anatumia malighafi gani, anafanyia wapi? Na nani ameachana na risasi kabisa akapata kitu kingine cha kuzamisha wavu?

---

KasiaMbili

Pole sana mkuu kwa mtoto. Ila tusitishane. Babu yangu Ukerewe amesubu risasi zaidi ya miaka arobaini, ameondoka ana themanini na kitu. Alikuwa anayeyushia humo humo jikoni. Sisi wajukuu tumekulia pale na tumesoma.

---

FundiNyavu_Igombe

Ahsante ndugu yangu. Babu yako namheshimu, na wangu alikuwa vilevile. Ila muulize mzee yeyote wa kwenu, babu alikuwa anapata wapi risasi? Wazee wengi walitumia maganda ya nyaya za zamani za chini ya ardhi na mabomba ya kale. Ile ilikuwa kama risasi tupu. Sisi tunapasua betri. Kwenye betri, sahani zimepakwa uji wa risasi uliokwisha kugeuka unga, umelowa tindikali. Ule unga ndio unaoruka, unakaa kwenye nguo, unaingia ndani na kandambili.

Halafu mtu mzima anabeba mengi bila kuonyesha. Risasi inajificha kwenye mifupa miaka na miaka, inapandisha presha, inachosha figo, na mtu anaambiwa ni uzee. Mtoto akimeza kiasi kile kile, mwili wake unafyonza mara nne hadi tano ya mtu mzima. Yeye ndiye ninayemwongelea.

---

MzeeWaHerufi

Wanangu, nimesoma uzi huu asubuhi nikarudia mchana.

Nilifanya kazi kiwanda cha uchapaji tangu kijana. Zama zile herufi za gazeti zilisubiwa kwa risasi. Mtambo ulikuwa na sufuria yake pembeni, unapiga herufi kama unavyopiga taipureta, nao unakutolea mstari mzima wa maneno, wa moto, unang'aa. Ile haikuwa risasi tupu. Ilikuwa na antimoni kama sehemu 12 kwa mia na bati sehemu 4. Antimoni inaifanya iwe ngumu na isisinyae sana ikipoa, bati linaifanya itiririke na kujaza kona za herufi. Ndiyo maana nukta ya "i" ilitoka safi.

Msimamizi wetu alikuwa mkali kwa mambo mawili. Hakuna kula ndani ya chumba cha mitambo, hata karanga. Na kila siku tulipewa maziwa, tukaambiwa yanatoa sumu. Tuliamini. Mpaka leo nikikutana na mwenzangu wa zamani tunaulizana, bado unakunywa maziwa? Nesi au daktari aliyemo humu atuambie, yale maziwa yalikuwa yanatusaidia kweli?

---

Nesi_wa_Kisiwani

Shikamoo mzee. Nijibu la maziwa kwa sababu nalisikia kila wiki, kwa wachomeleaji, wapaka rangi, wachimbaji.

Maziwa hayatoi risasi iliyokwisha kuingia mwilini. Mtu akinywa glasi ya maziwa halafu akala ugali kwa mikono yenye vumbi la risasi, amejidanganya. Kilicho kweli ni hiki: mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalisiamu unaifyonza risasi zaidi, kwa sababu unaidhania kuwa ni kalisiamu. Tumbo tupu nalo linafyonza zaidi. Kwa hiyo mtoto anayeshiba vizuri ana kinga kidogo. Na sisi wa ziwa tuna kitu bora kuliko maziwa ya kununua: dagaa wanaoliwa mzima, na mifupa yao. Wape watoto dagaa, mchicha, maharage, na chungwa au ndimu pembeni ili chuma kifyonzwe.

Hilo la kutokula ndani ya chumba cha mitambo ndilo lililowaokoa, mzee.

FundiNyavu, dalili ulizoandika ndizo zinazotupita mikononi kila siku. Tumbo, choo kigumu, damu kupungua, hasira. Kwa mazingira yetu kila mtu anawaza minyoo na malaria. Yule daktari aliyekuuliza kazi yako, Mungu amzidishie.

---

FundiNyavu_Igombe

Wabeja sana dada. Mzee, shikamoo, umenipa elimu niliyoitafuta muda mrefu. Kumbe ndiyo maana risasi tupu inatoka na makunyanzi kwenye kalibu na ile ya mchanganyiko inatoka laini.

---

Nyanda_wa_Igoma

Wakuu mimi nina swali la pembeni. Naona video za Wamarekani wanasubu risasi za bastola kabisa, nyumbani, garejini kwao, wanajijazia na baruti. Kwa kuwa mnajua kusubu, hilo haliwezekani hapa?

---

FundiNyavu_Igombe

Bwana mdogo, nitakujibu kwa heshima kwa sababu umeuliza wazi. Hapana. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi za silaha si jambo la uani. Usiliguse. Kwao ni halali kama mchezo wa kulenga shabaha, na hata huko mtu akikosea kipimo cha baruti bastola inampasukia mkononi.

Ila video hizo nimeziangalia nyingi, kwa sababu walioyeyusha risasi miaka mingi na kuandika kila kosa ni hao. Wanashughulishwa sana na ugumu. Risasi tupu, kwa kipimo cha Brinell, ni kama 5. Ile ya herufi aliyoisema mzee inafika kama 22. Bastola inayojikoki yenyewe inataka kitu kigumu kiasi na kilichosubiwa kwa kipimo kisichocheza, la sivyo risasi laini inapaka mtutu au inakwama njiani kuingia chemba. Sisi tunataka kinyume chake. Chubwi laini ndiyo nzuri, inabanika kwa koleo bila kukata mshipi.

Nilichochukua kwao ni adabu ya sufuria. Wanafanyia nje, upepo ukiwa mgongoni. Sufuria ya risasi haiingii jikoni milele. Wanaogopa unyevu kuliko moto. Na wengi wao hawagusi betri. Vyuma vya ndani ya betri vina antimoni na aseniki, zile za kisasa zina kalisiamu. Mavi ya mchanganyiko huo yakipata unyevunyevu yanaweza kutoa gesi, ya aseniki na ya antimoni, ambazo zinaua. Mimi nilikuwa nayamwaga chini ya mwembe, mvua inanyesha juu yake.

---

Nahodha_Kome

Hapo kwenye unyevu niachieni mimi.

Tulikuwa kambini, watu watano. Kalibu yetu ilikuwa mchanga. Unachukua mchanga wa ufukweni, unaushindilia kwenye kasha, unachomeka kijiti, unakitoa, kishimo kinabaki, unamimina. Mchanga ili ushikane lazima uwe na unyevu kidogo. Tumefanya hivyo mara nyingi bila shida. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mwenzetu alimimina upawa wa kwanza na kukatokea mlio kama mtu amepiga debe kwa rungu. Ile risasi haikumwagika, iliruka juu yote, ikatunyeshea. Mimi ilinipata mkono wa kushoto na shingoni. Yeye jicho moja haoni mpaka leo.

Kovu la mkono lina umbo la ile tone ilivyotua, duara na mkia.

---

FundiNyavu_Igombe

Pole sana nahodha, na mwenzako mpe pole yangu.

Wakuu, hesabu yake ni hii. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na ili itiririke vizuri unaipandisha hata zaidi ya hapo. Maji yanachemka kwenye 100. Tone la maji likizungukwa na risasi halipati nafasi ya kuchemka polepole, linageuka mvuke mara moja, na mvuke unataka nafasi kama mara 1,600 na zaidi ya yale maji. Kijiko kimoja cha chai cha maji kinataka kuwa lita nane za mvuke kwa kufumba na kufumbua. Lita nane hizo zitakwenda wapi? Zinairusha risasi.

Maji yakidondokea juu ya risasi yanachemka yakikimbiakimbia, yanatisha lakini mara nyingi yanaisha. Yakiwa chini, kwenye kalibu au ndani ya kipande unachozamisha, ndiyo balaa. Kwa hiyo usiongeze kipande kilichotoka ziwani kwenye sufuria iliyokwisha kuyeyuka. Kiweke sufuria ikiwa baridi, vipande vyote viamke pamoja na moto. Kijiko na upawa vipashe pembeni ya jiko kwanza, hata kama vinaonekana vikavu. Jasho la usoni nalo ni maji, funga kitambaa. Mchanga mimi nimeuacha. Nina kalibu ya aluminiamu niliyochongewa na fundi, nusu mbili zinazofungana. Naifukiza kwa moshi wa mshumaa ili chubwi isigande, naipasha moto, za kwanza mbili tatu zenye makunyanzi nazirudisha sufuriani, kuanzia ya nne zinatoka safi. Ukiona zimekuwa na ukungu mweupe kama baridi ya friji, kalibu imepata moto mno, ipumzishe.

Nguo: viatu vya kufunika, suruali ndefu inayofunika kiatu, shati la pamba la mikono mirefu, glavu za ngozi, miwani. Nailoni inayeyuka na kugandia kwenye ngozi.

---

Fundi_Tairi_Buzuruga

Mimi ndiye ninayewauzia wengi wenu zile risasi za wili balansi, vile vipande vya kusawazishia gurudumu la gari. Angalizo: siku hizi si zote ni risasi. Nyingine ni chuma, nyingine ni zinki, na kwa macho zinafanana. Mnaozitupa zote sufuriani mnaharibu. Zinki ikichanganyika, risasi inakuwa kama uji wa shayiri, haijazi kalibu tena.

Mimi nazichagua hivi. Kata pembeni kwa koleo: risasi inakatika kama jibini, zinki inakataa. Iangushe kwenye sakafu ya saruji: risasi inalia "pu", zinki na chuma vinalia kama sarafu. Na moto usiwe mkali sana. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 hivi, kwa hiyo ukikaa chini ya hapo, zinki na chuma vitaelea juu kama maganda, unaviokota kwa koleo.

---

MamaDagaa_Kayenze

Wanangu habari zenu. Mimi si fundi, mimi naanika dagaa. Nimesomewa uzi huu na mwanangu na usingizi haujaja.

Hapa kwetu vijana wanayeyushia hizo betri pale pale mchangani, usiku moto wanaota, asubuhi sisi tunatandaza dagaa. Tukikosa chanja tunaanika chini. Maji ya betri yanamwagwa hapo hapo. Juzi mmoja aliniazima sufuria akasema ya kuchemshia chai, ikarudi na doa jeusi linalong'aa. Nikaisugua kwa mchanga na majivu, nikapikia uji wa wajukuu.

Sasa nifanye nini?

---

Nesi_wa_Kisiwani

Shikamoo mama. Kwanza usijilaumu. Sufuria hiyo isiingie tena jikoni, wala usiiuze kwa mtu atakayeipikia. Itoboe tundu chini ili asijitokeze mwingine akaiokota. Wajukuu wapeleke kituo cha afya, waeleze neno kwa neno ulivyoandika hapa, taja betri na taja sufuria. Usiseme tu "wanaumwa tumbo".

Dagaa waanikwe kwenye chanja, juu, mbali na hapo. Nyumbani usifagie kavu, fagio linarusha vumbi. Nyunyiza maji, au piga deki kama ni sakafu. Watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kula, maji matupu hayaondoi vumbi la risasi sawasawa.

---

MamaDagaa_Kayenze

Marahaba mwanangu. Nitaongea na BMU, kamati yetu ya kusimamia ufukwe na uvuvi, kesho asubuhi.

---

Mwana_wa_Jomvu

Asalaam aleikum ndugu zetu wa Mwanza. Mimi niko Mombasa. Mama huyo ameniliza, kwa kuwa sisi tumepitia.

Kuna kitongoji chetu kinaitwa Owino Uhuru. Kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri ubavuni mwa nyumba za watu, kikafungwa 2014, watoto na wakubwa wakiwa washaathirika. Wanakijiji walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kukawa na rufaa, na mwisho wa 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi ule. Na Senegali, pale Thiaroye-sur-Mer kando ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Pale hapakuwa na kiwanda. Walikuwa watu wa mtaani, wengi kina mama, wanapasua betri na kuchekecha mchanga wenye vumbi lake ili wauze. Mchanga, kama huo wenu.

Msingoje yawe makubwa.

---

KasiaMbili

Nimerudi. Nimempigia mama mdogo Ukerewe nimuulize babu alikuwa anatumia nini. Ni maganda ya waya, kama FundiNyavu alivyosema. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua: babu alikuwa na ndoo yake ya maji na sabuni nje, haingii ndani kabla ya kuoga, na bibi alikuwa hafui nguo zake pamoja na zetu. Mimi niliona ni ukali tu wa mzee.

Naomba radhi kwa maneno yangu ya juu.

---

FundiNyavu_Igombe

Hakuna radhi hapa mkuu, ndiyo maana ya kuongea. Babu yako alijua kazi yake.

Sasa nirudi kwenye swali langu la mwisho ambalo bado halijajibiwa, kuachana na risasi. Nilikaa na mizani ya dagaa na ndoo ya maji, nikapima. Kinachozamisha wavu ni uzito unaobaki kitu kikiwa ndani ya maji. Gramu 100 za risasi zikizama zinabaki na uzito wa kama 91. Gramu 100 za jiwe la kawaida la hapa kwetu zinabaki kama 61. Saruji inashuka hata chini ya 60. Ila gramu 100 za chuma, nondo hii hii ya kujengea, zinabaki kama 87. Nilipoiona hiyo 87 nilipima tena mara tatu. Nimekuwa nikimtia mtoto sumu kwa ajili ya gramu nne.

---

Nahodha_Kome

Nondo tulijaribu. Inakata nyuzi. Ina kutu na ina zile mbavu zake, kila wavu ukipita kwenye mwamba inashika. Wavu wa sangara si wa bei ndogo, mkuu. Na ukiukunja, vile vipande vinaingia kwenye macho ya wavu, unakaa saa nzima unafumua.

---

FundiNyavu_Igombe

Ni kweli kabisa, na mimi ilinitesa. Nimepitia njia tatu. Ya kwanza, kipande cha nondo kilichofungwa kwa uzi: mabaya yote uliyosema. Ya pili, nati za chuma zilizotumika, kutoka gereji, nikazipitisha kwenye kamba ya chini kama shanga. Hazishiki, lakini kingo zake zinasaga kamba. Ya tatu ndiyo niliyonayo sasa: chuma laini cha duara, kisicho na mbavu, nakata sentimita sita, napiga ncha zote kwa tupa mpaka zilingane na kidole, kisha nakivisha kipande cha mpira wa kupitishia maji wa zamani na kufunga ncha mbili. Mpira unakinga wavu usikatwe na kutu isitoke. Kinakuwa kinene kuliko risasi, hilo sikatai. Na kukata kwa msumeno kunachosha mkono. Vipande mia vinanichukua asubuhi nzima, risasi ningesubu mia kwa saa moja.

Kwa mshipi wa ndoano, kwa kweli bado sijapata. Chubwi ndogo inayobanika kwa koleo, chuma hakiwezi. Huko bado natumia risasi, ya kuchagua kutoka kwa fundi tairi, betri hapana. Na meno hapana. Uingereza walipiga marufuku vichubwi vidogo vya risasi tangu 1987 kwa sababu batamaji walikuwa wanavimeza na kufa, kwa hiyo wenzetu wana njia nyingine, nami natafuta ya huku kwetu.

---

MzeeWaHerufi

Udongo wa kuchoma je? Wazee wa Ukerewe walikuwa na vigololi vya udongo vyenye tundu.

---

FundiNyavu_Igombe

Mzee, umenikumbusha. Udongo ni mwepesi, utataka karibu mara mbili ya uzito, lakini haukati kitu na ukivunjika haudhuru mtu. Kwa nyavu za sato za maji machache unaweza kufaa kabisa. Nitamtafuta mfinyanzi.

Kuhusu nyumbani, kwa walioniuliza inboksi. Udongo wa chini ya mwembe tumeuchota kina cha mkono mpaka kiwiko. Niliuliza ofisi ya mazingira ya halmashauri nifanye nao nini kabla ya kuugusa, kwa sababu betri chakavu na mabaki yake vinahesabika kama taka hatarishi, na sikutaka kumhamishia jirani. Tumeumwagia maji kwanza usiruke, tumeutia kwenye viroba viwili viwili. Juu tumejaza udongo wa mbali na kupanda nyasi. Kuku nimewachinja na kuwafukia, hatukuwala. Kusubia nimehamia kwenye kibanda kisicho na ukuta, mbali na nyumba. Nina ovaroli inayokaa huko huko, viatu vya huko huko, ndoo na sabuni.

Mtoto amepimwa tena mwezi uliopita, baada ya miezi mitano. Kutoka 23 imefika 14. Daktari anasema itaendelea kushuka polepole kwa sababu mifupa nayo inarudisha kidogo kidogo kwenye damu. Tumbo limeacha. Anakula. Kama kuna kitu kimebaki kichwani mwake tutakiona akianza shule, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

---

MamaDagaa_Kayenze

Habari zenu wanangu. BMU wamekaa. Vijana wamekubali kuhama pale mchangani, wamepewa sehemu juu kule kwenye mawe, na betri watauza nzima nzima bila kupasua. Wajukuu nimewapeleka, wamechukuliwa damu, tunangoja. FundiNyavu, mwenyekiti anauliza hivyo vyuma vya kuvisha mpira unauza shilingi ngapi kwa mia.

---

FundiNyavu_Igombe

Shikamoo mama. Mwambie mwenyekiti asilipe kwanza. Jumamosi nitakuwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba tangu alfajiri na vipande viwili vya wavu, kimoja kina risasi, kingine kina chuma cha mpira. Nahodha, kama utavuka kuja mjini wiki hii, nenda navyo Kome ukavitege usiku mmoja, sehemu yenye mwamba. Ukirudi uniambie kipi kimeshika.

---

Nahodha_Kome

Nakuja na kivuko cha Ijumaa.